Raspberry Pi haiwaki? Usikimbilie kufomati memori kadi

Jumamosi moja mwalimu kutoka Marangu alinifuata hapa Moshi na memori kadi ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, aliyoifunga ndani ya karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne kama vidonge vya dukani.

"Mdogo wangu, hii imekufa. Nitafutie nyingine, Jumatatu watoto wana kipindi."

"Shikamoo mwalimu. Umejuaje kwamba iliyokufa ni kadi?"

"Marahaba. Skrini nyeusi, taa nyekundu inapepesa tu. Si kadi hiyo?"

Nikaichomeka kwenye Pi yangu ya mezani, modeli ya 3 kama ya kwake. Haikumaliza dakika, ikawaka, na Wikipedia ya Kiwix ambayo wanafunzi wake huisoma bila intaneti ikafunguka yote. Kilichokufa alikuwa amekiacha Marangu, kimechomekwa ukutani: waya wa chaja. Alipanda gari kuleta kitu kizima na kuacha kibovu nyumbani. Tangu siku ile, mtu akinipigia kwamba memori imekufa, namwambia alete vyote: bodi, chaja, waya na kadi.

Mimi mwenyewe nimewahi kufanya kosa kubwa kuliko hilo. Nina Pi inayosoma kipimo cha mvua kule Uru, nyumbani kwa mama. Siku iligoma kuwaka, nikatoa kadi na kuichomeka kwenye laptopu yenye Windows. Ikaniambia diski hii lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Nikakubali. Kumbe kadi ilikuwa nzima, ila Windows haisomi patisheni (kipande cha kadi) ya Linux, mfumo unaotumiwa na Pi, na huo ndio ujumbe inaoutoa siku zote. Vipimo vya masika mbili vikaenda.

Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia zisizoharibu chochote hadi zinazofuta kila kitu. Usiruke.

Kwanza soma taa

"Haiwaki" ni neno moja lenye magonjwa manne ndani yake. Kabla hujagusa kitu, chomeka umeme na uangalie bodi kwa dakika moja nzima.

Kama hakuna taa yoyote, kadi haihusiki: umeme haufiki. Isipokuwa Pi Zero. Hiyo haina taa nyekundu, na bila kadi inayosomeka hubaki giza tupu, hivyo watu wengi huitupa bure.

Kama nyekundu inawaka imara na ya kijani haijakonyeza hata mara moja, bodi ina umeme lakini haijaona kitu cha kusoma kwenye kadi.

Kama ya kijani inakonyeza kwa mpangilio, inatulia, kisha inarudia vilevile, hapo bodi inaongea nawe, kwa hiyo hesabu. Mara 3 fupi ni kushindwa kuwaka kwa jumla. Mara 4 ni kwamba start.elf, faili la kuwashia, halikuonekana. Mara 7, kerneli (kiini cha mfumo) haikuonekana. Mara 8 ni hitilafu ya memori ya ndani ya bodi yenyewe, na hapo utabadilisha kadi mpaka uchoke. Konyezo ndefu 2 zikifuatwa na fupi 1 maana yake patisheni haiko kwenye mpangilio wa FAT ambao bodi husoma. Ndefu 2 na fupi 2, patisheni ipo lakini imeshindwa kusomeka. Pi 5 ina taa moja tu inayobadilika rangi, lakini kanuni ya kuhesabu ni ileile.

Kama ya kijani inakonyeza ovyo ovyo bila mpangilio, kisha inatulia, Pi yako huenda imewaka zamani na inakusubiri. Tatizo liko kwenye skrini au mtandao. Kwenye Pi 4 jaribu tundu la HDMI lililo karibu na la chaja, maana ndilo namba 0. Waya wa skrini uchomekwe kabla ya umeme. Na kama ni kadi mpya uliyoiandika bila kuweka jina la mtumiaji, kumbuka kwamba tangu Aprili 2022 mfumo hauji tena na lile jina la "pi" na nywila tuliyozoea. Watu huhangaika nusu siku wakidhani kompyuta imekufa, kumbe imewaka na inawasubiri waiambie wao ni nani.

Kuna ishara nyingine ya skrini: mraba wa rangi za upinde wa mvua ukitokea na kuganda hapohapo, sehemu ya kwanza ya kadi imesomeka vizuri. Kilichokwama ni kerneli, mara nyingi kwa sababu mfumo ni wa zamani kuliko bodi.

Umeme, umeme, umeme

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kesi nyingi za "memori imekufa" ninazoletewa huishia hapa.

Pi inataka volti 5. Pi 3 inahitaji chaja ya ampia 2.5, Pi 4 ampia 3, Pi 5 ampia 5 (ukiipa 3 itawaka, ila itabana umeme wa matundu ya USB). Chaja ya simu imeandikwa 2A, unaona inatosha. Lakini chaja ya simu haijali volti zikishuka kidogo. Simu itachaji polepole na maisha yataendelea. Pi haina subira hiyo. Kwenye Pi 3 na ndugu zake, volti zikishuka chini ya 4.63 taa nyekundu huzimika. Ndiyo maana mwalimu aliposema inapepesa nilijua tayari.

Mkosaji mkubwa ni waya. Nilimwomba mwalimu arudi na vifaa vyote, nikapima. Chaja yake pekee, bila mzigo, ilitoa 5.1, safi kabisa. Nikaunganisha Pi: 4.9, ikaanza kusoma kadi, 4.7, prosesa ikachangamka, 4.4, taa nyekundu kwisha, bodi ikajizima na kuanza upya. Mzunguko uleule, bila kufika popote. Waya ulikuwa mwembamba na mrefu, wa mita mbili, ule wa kuchajia simu ukiwa kitandani. Ukiwa na ukinzani wa nusu omu tu, ampia moja ikipita inakula nusu volti njiani. Nikabadilisha waya mfupi mnene, chaja ileile, ikasimama kwenye 4.95.

Kama una mita na mkono wako hautetemeki, pima hivi: weka kwenye DC, volti 20. Kwenye safu ya pini iliyo ukingoni mwa bodi, pini 2 na 4 ni volti 5, na 6 ni hasi. Ncha nyeusi kwenye 6, nyekundu kwenye 2. Ncha ikiteleza ikaunganisha volti 5 na pini ya jirani, unaweza kuua bodi papo hapo, kwa hiyo kama huna uzoefu, azima tu chaja na waya vya mtu ambaye Pi yake inawaka. Jibu ni lilelile.

Pi ikiwa inawaka lakini unaishuku, iulize yenyewe kwenye tamino (dirisha la kuandikia amri):

`vcgencmd get_throttled`

Ikijibu `0x0` umeme uko vizuri tangu ilipowaka. Ikijibu `0x50000` ulishawahi kushuka. `0x50005`, uko chini hata sasa hivi.

Ondoa pia kila kilichochomekwa kwenye USB. Diski ya nje inaweza kuvuta umeme wote ukabaki na bodi yenye njaa. Na kama una Pi 4 za mwanzo kabisa, za 2019, zilikuwa na kasoro kwenye tundu la chaja: waya wa bei kubwa wa laptopu ulikataa kuipa umeme, huku waya wa kawaida ukikubali. Ni moja ya nyakati chache ambapo cha bei rahisi ndicho sahihi.

Mkono wako na kadi

Zima umeme kwanza. Kisha toa kadi na uirudishe. Modeli za B+ na Pi 2 zina tundu la kubonyeza mpaka lilie "tik". Kuanzia Pi 3 hakuna tik, unasukuma tu mpaka mwisho. Anayetoka kwenye moja kwenda nyingine huiacha kadi katikati.

Angalia meno ya kadi kwenye mwanga. Vumbi letu la kiangazi linaingia kila mahali, na unyevu wa masika unayapaka utandu. Sugua taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke. Usikwangue kwa wembe, hata kama fundi wa jirani anafanya hivyo. Kadi yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, nunua nyingine.

Jaribio la kubadilishana

Weka kadi nyingine inayojulikana kuwaka kwenye Pi yako. Ikiwaka, bodi na umeme havina neno, rudi kwenye kadi. Isipowaka, ugonjwa uko kwenye bodi au umeme.

Kuna mtego hapa. Kadi iliyoandikwa zamani haiwaki kwenye bodi mpya hata ikiwa nzima: Pi 3B+ ilitoka Machi 2018, Pi 4 Juni 2019, Pi 5 Oktoba 2023, na mfumo uliotengenezwa kabla ya bodi hauijui bodi hiyo. Pi 5 inataka toleo la mfumo liitwalo Bookworm au jipya zaidi. Ukijaribisha, linganisha modeli na modeli.

Ichungulie kwenye kompyuta bila kuandika kitu

Tumia kompyuta yenye Linux kama unaweza kuipata. Chomeka kadi, fungua tamino, andika:

`lsblk -f`

Kadi yenye afya itaonyesha patisheni mbili: ndogo ya vfat (ndiyo FAT) iitwayo bootfs (au boot kwa za zamani), na kubwa ya ext4 (mpangilio wa Linux) iitwayo rootfs. Ukitumia kadi rida ya USB itaitwa `sdb` au `sdc`. Tundu la ndani ya laptopu mara nyingi huiita `mmcblk0`. Andika jina hilo kwenye karatasi. Ukilikosea huko mbele utafuta diski ya laptopu, na hakuna atakayekusaidia.

Kadi isipoonekana kabisa, jaribu adapta nyingine kwanza. Adapta nazo hufa, na zina kile kiswichi cha kufunga kilicho ubavuni ambacho huteleza chenyewe. Ikionekana kwa ukubwa wa ajabu, mfano giga 0 au megabaiti 30, kidhibiti cha ndani ya kadi kimekufa. Hapo hakuna programu itakayoiokoa.

Ukiona patisheni zote mbili, fungua bootfs. Hata Windows inaisoma hii. Tafuta config.txt, cmdline.txt, mafaili ya kerneli na, kwa Pi 3 na za nyuma yake, bootcode.bin na start.elf. Pi 4 na 5 zina hatua ya kwanza ndani ya bodi, kwenye chipu iitwayo EEPROM, kwa hiyo hazihitaji bootcode.bin.

Kama tatizo lilianza baada ya wewe kuhariri kitu, mkosaji huenda yuko hapa. cmdline.txt lazima iwe mstari mmoja tu. Ukibonyeza enta katikati, kilicho chini hakisomwi. Programu za kuandikia za Windows nazo hupenda kuongeza kiambishi, ukajikuta na config.txt.txt. Ndani ya cmdline.txt kuna `root=PARTUUID=` ikifuatwa na namba; ilinganishe na ya patisheni ya pili kwa amri ya `sudo blkid`. Zisipofanana, Pi itaanza kuwaka kisha itakwama, kwa sababu inatafuta nyumba kwenye namba isiyo yake. Kurekebisha ni kuandika namba sahihi, kuhifadhi na kuondoa kadi kwa utaratibu.

Nakili kabla ya kutibu

Kama kuna kitu ndani unachokihitaji, hii si hatua ya hiari. Kadi inayokufa inaweza kukupa usomaji mmoja wa mwisho. Sakinisha gddrescue, programu ya kunakili kadi mbovu, hakikisha una nafasi sawa na ukubwa wa kadi nzima, kisha:

`sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi.img kadi.map`

Inachukua kwanza yanayosomeka kirahisi, halafu inarudi kwenye sehemu mbovu. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile: faili la map linakumbuka ilipofika. Nimewahi kuiacha usiku kucha kwa kadi ya giga 32 na asubuhi ikawa imekosa kilobaiti chache tu.

Sasa tibu. Patisheni zisiwe zimefunguliwa popote. Kama kompyuta ilizifungua yenyewe, zitoe kwa `umount`. Halafu:

`sudo fsck.vfat -a /dev/sdb1`
`sudo e2fsck -f /dev/sdb2`

Kadi iliyoharibika kwa umeme kukatika ghafla mara nyingi hupona hapa. Ikianza kukuuliza maswali mengi mfululizo, unaweza kujibu ndiyo kwa yote, maana nakala unayo. Lakini ikisema imerekebisha, ukairudia, ikakuta makosa yaleyale, kadi imegoma kuandikwa.

Kugoma huko ni ugonjwa wa ajabu na wengi hawaujui. Kadi nyingi zikichakaa hujifunga zenyewe zikabaki za kusomwa tu, na baadhi hazisemi. Unafuta faili, inakubali. Unafomati, inakubali. Unachomoa, unachomeka, yote yamerudi kama hukuwahi kuyagusa. Mteja mmoja aliniambia kadi yake imerogwa. Nakili data zako, kisha uitupe.

Kuandika upya, na kadi feki

Kama kadi ni mpya au hujui ilikotoka, ipime kabla ya kupoteza bando. Niliwahi kununua kadi ya giga 64 kwenye meza ya barabarani, pakiti imechapwa vizuri, na laptopu ikaonyesha giga 64 bila wasiwasi. Pi ikawaka mara ya kwanza. Mara ya pili, ikagoma. Nikaipima, uwezo wake halisi ulikuwa giga 7 na kitu. Kadi feki imepangwa kudanganya: inatangaza ukubwa isiokuwa nao, na ukiandika kupita mwisho wake data inapotea kimya kimya. Raspberry Pi OS hutanua patisheni ya pili mpaka mwisho wa kadi inapowaka mara ya kwanza, na ext4 hutawanya mafaili huku na huko, kwa hiyo uongo unaumbuka mapema kuliko kwenye simu ya kuwekea picha.

Kwenye Linux kuna f3, kwenye Windows kuna h2testw. Kadi ikiwa tupu na imefunguliwa kwenye folda, tuseme `/media/kadi`:

`f3write /media/kadi`
`f3read /media/kadi`

Ya kwanza inaijaza, ya pili inahakiki. Inachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa. Iache uende ukale mtori.

Kuandika mfumo, tumia Raspberry Pi Imager. Ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux. Kunakili faili la imeji (nakala ya mfumo mzima) na kulibandika kwenye kadi kama wimbo hakufai. Watu bado wanafanya hivyo, na Pi haitawaka kamwe. Chagua modeli ya bodi yako, chagua mfumo, chagua kadi, na usiache kujaza jina la mtumiaji, nywila na mtandao. Kama bando lako ni la kubana, toleo la Lite ni takriban nusu giga, lile lenye dirisha kamili linazidi giga moja. Likishapakuliwa mara moja lihifadhi kwenye flashi, utalihitaji tena.

Imager ikimaliza kuandika, huhakiki. Usiikatishe. Uhakiki ukishindwa mara mbili kwa adapta mbili tofauti, kadi ni mbovu, hakuna mjadala.

Kama kadi mpya, nzima, iliyohakikiwa bado haiwaki kwenye Pi 4, huenda EEPROM ya bodi ndiyo iliyovurugika. Ndani ya Imager, kwenye kundi la zana za ziada, kuna imeji ya kurejesha bootloader, yaani programu ya kuwashia iliyo kwenye EEPROM. Iandike kwenye kadi yoyote, iweke, washa. Taa ya kijani ikikonyeza haraka haraka bila kukoma na skrini ikawa kijani kote, imepona. Zima, rudisha kadi ya mfumo.

Isijirudie

Zima kwa `sudo poweroff` na subiri konyezo za kijani ziishe kabla ya kuchomoa. Lakini hilo ni la mezani. Kule Uru umeme ukikatika hauniulizi, kwa hiyo nilifanya mawili. Kwanza niliiwekea betri ndogo ya kuishikilia. Pili, ndani ya `sudo raspi-config`, kwenye sehemu ya utendaji, niliwasha Overlay File System: kadi inabaki ya kusomwa tu, na kila kinachoandikwa kinakaa kwenye RAM. Ukichomoa ghafla hakuna cha kuharibika. Ila kila kilichoandikwa tangu ilipowaka kinapotea pia, kwa hiyo vipimo vya mvua sasa vinaandikwa kwenye flashi ndogo ya USB, na mama akija sokoni Jumamosi huniletea flashi na kurudi na nyingine tupu.

Mwalimu naye alinipigia wiki iliyofuata. Waya mpya ameufunga kwa gundi ya nailoni kwenye meza, na juu yake ameandika kwa kalamu ya rangi: SI WA SIMU.